Kuingiza teknolojia katika hisabati Sekondari Msingi: mwongozo kamili kwa mfano wa somo la riba, Gredi ya 8

Fungua andalio la somo la hisabati la Gredi ya 7, 8 au 9 nchini Kenya na kuna sentensi ambayo huenda ukaikuta: wanafunzi watatumia vifaa vya kidijitali. Imetoka kwenye muundo wa mtaala wenyewe, ambamo inajirudia karibu kila mada ndogo. Walimu tunainakili, tunatia sahihi, tunaingia darasani.

Kinachofuata huwa ni mojawapo ya mambo mawili. Mwalimu anaonyesha video ya dakika kumi kwenye simu yake, wanafunzi hamsini wanakaza macho, kengele inalia. Au vishikwambi vinagawiwa na nusu ya kipindi inaishia kutafuta nywila na chaja. Wiki inayofuata mwalimu anarudi kwenye chaki na kusema teknolojia inapoteza wakati. Na kwa namna hiyo, kweli inapoteza.

Basi teknolojia iingizwe vipi katika somo bila kupoteza wakati? Nimeulizwa swali hili na walimu wengi kiasi kwamba nimeona nilijibu kwa kufuata somo moja tangu kulichagua hadi kulitathmini. Nimechukua mada ya fedha ya Gredi ya 8, sehemu ya riba, na programu ya lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalojipigia hesabu. Likikukalia vizuri somo hili moja, mengine utayapanga mwenyewe.

## Utakavyohitaji

- Muundo wa mtaala wa Hisabati wa Gredi ya 8, uliochapishwa au ulio kwenye simu, na kalamu.
- Vifaa vyenye lahajedwali: kimoja kwa kila wanafunzi watatu au wanne. Vipakatalishi, vishikwambi au simu, vyovyote vinafaa. LibreOffice Calc hupatikana bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Excel na Google Sheets zinafanya kazi hii hii.
- Vipindi viwili vya dakika 40. Vikifuatana ni bora zaidi.
- Daftari na kalamu kwa kila mwanafunzi.
- Vikokotoo vichache vya kawaida, kwa ajili ya hatua ya tatu na kwa siku ambayo stima itapotea.
- Ekstensheni ya umeme moja au mbili, na karatasi ya gundi ya kuandikia namba juu ya kila kifaa.

Projekta si lazima. Intaneti si lazima, na ninakushauri usiitegemee hata kama ipo.

## Hatua ya 1: Chagua mahali ambapo kifaa kina kazi ya kufanya

Keti na muundo wa mtaala. Pitia matokeo maalumu yanayotarajiwa ya muhula mzima, na kando ya kila tokeo jibu swali moja: hapa kifaa kitafanya nini ambacho chaki haiwezi?

Kama huna jibu, weka alama ya X na usonge mbele. Kutatua mlinganyo kama 3x + 5 = 20 hakuhitaji kishikwambi. Mwanafunzi anahitaji kalamu, na anahitaji kukosea mara kadhaa kwa mkono wake mwenyewe. Kuchora pembe kwa bikari kunahitaji bikari.

Kifaa kina kazi pale ambapo hesabu ileile inarudiwa mara nyingi hadi mchoko unafunika wazo. Kina kazi pale ambapo umbo linapaswa kusogea ili mwanafunzi aone kisichobadilika. Kina kazi pia pale ambapo takwimu ni nyingi na ni za kweli, kama vile urefu wa wanafunzi wote wa gredi. Katika muhula mmoja utapata mada ndogo tatu au nne za namna hiyo, na hizo zinatosha. Mwalimu anayetumia kifaa mara nne kwa sababu nzuri anajenga umilisi wa kidijitali zaidi kuliko yule anayekiwasha kila Ijumaa kwa sababu ratiba imesema hivyo.

Riba imepita mtihani huu. Ubaoni utapiga hesabu ya miaka mitatu, labda minne, na tofauti kati ya riba ya kawaida (inayotozwa kwenye mtaji wa mwanzo pekee) na riba inayotozwa juu ya riba itaonekana ndogo, jambo la shilingi chache. Ukweli wake hujitokeza mwaka wa kumi na wa ishirini, na hakuna darasa litakalofika huko kwa chaki.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwalimu mwenzako kwa sentensi moja kwa nini somo hili linahitaji kifaa, bila kutaja neno "kisasa".

## Hatua ya 2: Andika matokeo mawili, la hisabati na la kidijitali

Hapa ndipo maandalio mengi yanapovunjika. Tunaandika tokeo la hisabati kwa ukamilifu, kisha upande wa umilisi wa kimsingi tunaandika "ujuzi wa kidijitali" na kuacha hivyo. Neno hilo peke yake halipimiki.

Andika kitendo. Kwa somo letu:

*Hisabati:* Mwanafunzi aweze kulinganisha ukuaji wa fedha kwa riba ya kawaida na kwa riba juu ya riba, na kueleza tofauti inatoka wapi.

*Kidijitali:* Mwanafunzi aweze kuandika fomula inayorejelea seli (kisanduku cha jedwali) nyingine, kuinakili, na kutambua matokeo yanapokuwa si ya kweli.

Angalia sehemu ya mwisho ya tokeo la pili. Ni hiyo inayotenganisha mtu anayetumia mashine na mtu anayetumiwa nayo, kwa hiyo usiiondoe hata wakati ukibana.

Ukikosa vitenzi, viwango vya ISTE (shirika la kimataifa la teknolojia katika elimu) kwa wanafunzi vya mwaka 2016 vinaweza kukusaidia. Vina makundi saba, na kundi la fikra za kikompyuta linahusu hasa kuligawa tatizo vipande, kukusanya data na kuunda mfuatano wa hatua ambao mashine inaweza kuurudia. Lahajedwali ya riba ni hivyo tu. Lakini usiyarundike makundi yote saba katika somo moja. Moja au mawili yanatosha.

## Hatua ya 3: Anza kwa mkono, na usimame kwenye shilingi 64

Kipindi cha kwanza, vifaa vibaki kabatini. Ninajua inaonekana kinyume, lakini usiruke hatua hii. Lahajedwali hutoa jibu hata kwa mtu asiyejua swali ni lipi.

Andika ubaoni: shilingi 10,000 zinawekwa kwa asilimia 8 kwa mwaka. Wanafunzi wajaze jedwali hili daftarini:

| Mwaka | Riba ya kawaida | Riba juu ya riba |
|---|---|---|
| 0 | 10,000 | 10,000 |
| 1 | 10,800 | 10,800 |
| 2 | 11,600 | 11,664 |
| 3 | 12,400 | 12,597.12 |

Mwaka wa kwanza hakuna tofauti. Mwaka wa pili kuna shilingi 64. Simama hapo, na uliza: shilingi 64 zimetoka wapi?

Wape muda. Wengine watasema umekosea. Wengine watasema ni asilimia 8 ya kitu fulani, lakini hawajui kitu gani. Subiri hadi mmoja agundue kwamba ni asilimia 8 ya zile 800 za mwaka wa kwanza, yaani riba yenyewe imezaa. Somo zima limo ndani ya shilingi hizo 64. Darasa lililozipata kwa jasho lake litaelewa kila kitu kitakachotokea kwenye kifaa. Darasa lililoambiwa tu litaona namba zikipanda na litapiga makofi, basi.

Somo lenyewe utalifundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka. Lakini mjadala huu wa shilingi 64 waache waufanye kwa lugha wanayofikiria nayo, kisha jibu waliandike kwa Kiingereza. Nimeona wanafunzi walionyamaza muhula mzima wakifafanua jambo hili vizuri mara walipopewa ruhusa ya kulisema kwa Kiswahili.

Tahadhari: Usitoe bado ile fomula ndefu yenye kipeo. Kwa sasa kila mwaka uhesabiwe kutoka kwa mwaka uliotangulia, kwa sababu ndivyo lahajedwali itakavyofanya.

## Hatua ya 4: Watabiri kabla ya kuona

Dakika tano za mwisho za kipindi cha kwanza. Kila mwanafunzi aandike daftarini, kwa wino na bila kufuta:

1. Baada ya miaka 20, safu ya riba ya kawaida itakuwa na shilingi ngapi?
2. Na safu ya riba juu ya riba?
3. Fedha zitafika 20,000 mwaka wa ngapi kwa kila safu?

La kwanza wataliweza: 800 mara 20, jumlisha 10,000, ni 26,000. La pili watalikisia chini sana. Wengi husema 28,000 au 30,000. Usiwasahihishe. Kubahatisha vibaya kabla ya kuona ndiko kunakomfanya mtoto ajali jibu atakapolipata.

## Hatua ya 5: Andaa vifaa siku moja kabla, wewe mwenyewe

Hatua hii haina utamu, lakini ndiyo inayookoa dakika 40.

- Chaji kila kifaa. Kifungue. Hakikisha programu inafunguka bila kuomba akaunti wala nywila.
- Bandika namba kwenye kila kifaa na uandike orodha ya kikundi na namba yake.
- Jenga jedwali lote mwenyewe kwenye kifaa kibovu kuliko vyote ulivyonavyo. Kikifaulu hicho, vingine vitafaulu.
- Andika 8% kwenye seli na uone kama kifaa kinaielewa kama asilimia. Angalia pia kama kinatumia nukta au mkato kwa desimali. Baadhi ya vifaa huja na mpangilio wa nchi nyingine.
- Ikiwa shule yenu iko chini ya paa moja na shule ya msingi, kama zilivyo nyingi tangu Januari 2023, kubaliana mapema na anayeshika funguo za vifaa. Uliza ni gredi gani imeviomba siku hiyo.

Tahadhari kuhusu data za watoto: Usiwasajili wanafunzi kwenye tovuti au programu kwa majina na tarehe zao za kuzaliwa ili tu somo liende. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ya Kenya inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data za mtoto. Somo hili halihitaji akaunti yoyote. Faili zipewe jina la kikundi, kwa mfano "Kikundi4".

## Hatua ya 6: Panga vikundi kwa majukumu

Ukimpa kikundi kifaa bila majukumu, mmoja atakishika na watatu watatazama dirishani. Mara nyingi anayekishika ni yule ambaye ana kompyuta nyumbani. Kwa hiyo:

- Mwandishi anabonyeza, na haruhusiwi kuamua.
- Msemaji anamwambia mwandishi aandike nini.
- Mkaguzi ana daftari lenye jedwali la mkono na analinganisha kila namba.
- Akiwepo wa nne, anaandika maswali na makosa yaliyojitokeza.

Kila baada ya dakika nane piga makofi mawili, wabadilishane majukumu. Usiache hata wakinung'unika. Nimefuatilia madarasa mengi ambamo wasichana hawakugusa kifaa kipindi kizima, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

## Hatua ya 7: Jengeni jedwali

Sasa kipindi cha pili. Andika mpangilio huu ubaoni, kila seli na kilichomo:

- A1: Mtaji  B1: 10000
- A2: Kiwango  B2: 8%
- A4: Mwaka  B4: Kawaida  C4: Juu ya riba
- A5: 0  B5: =B1  C5: =B1
- A6: =A5+1
- B6: =B5+$B$1*$B$2
- C6: =C5+C5*$B$2

Kabla hawajaandika mstari wa sita, uliza: B6 na C6 zinatofautiana wapi? Moja inachukua asilimia ya mtaji kila mwaka, nyingine inachukua asilimia ya kilichopo sasa. Wakiweza kulionyesha hilo kwa kidole kwenye fomula, wameisoma aljebra, hata kama hawajui kwamba ni aljebra.

Kisha wanakili A6 hadi C6 na kubandika kuanzia A7 hadi C25. Kwenye simu na vishikwambi, kunakili na kubandika ni rahisi kuliko kuburuta kona ya seli kwa kidole.

Mkaguzi sasa alinganishe: namba za mistari ya 6, 7 na 8 ziwe sawasawa na jedwali la daftarini. Zisipokuwa sawa, hakuna kuendelea.

### Makosa matatu yatakayotokea, na jinsi ya kuyatambua ukiwa umesimama

Mwaka wa kwanza unaonyesha 90,000. Wameandika 8 badala ya 8%. Usiwaambie. Uliza, "Kuna benki itakayokupa 80,000 kwa kuweka 10,000?" Wataitafuta wenyewe.

Mwaka wa pili unabaki 10,800, na wa tatu unaonyesha #VALUE! Wamesahau alama za dola. Fomula iliponakiliwa ilishuka pamoja na marejeleo yake, ikaangukia kwanza B3 iliyo tupu, kisha B4 yenye maneno. Kosa hili ni zuri kwa kufundishia. Likitokea kwa kikundi kimoja, simamisha darasa zima kwa dakika mbili na uwaonyeshe. Alama ya dola inaiambia mashine: usisogee hapa.

Seli inaonyesha fomula yenyewe badala ya namba. Wamesahau alama ya usawa mwanzoni, au wameacha nafasi kabla yake.

Utajua umefaulu pale mstari wa 25 utakaposoma mwaka 20, 26,000 na 46,609.57. Lahajedwali nyingine zitaonyesha desimali nyingi zaidi; waambie wakadirie hadi senti.

Acha wakae na hiyo 46,609.57 kidogo. Wafungue utabiri wao. Kutakuwa na kelele, na hizo ni kelele unazozitaka.

## Hatua ya 8: Uchunguzi, ambao ndio sababu ya yote

Mwalimu akiishia hatua ya saba, amefundisha kuchapa. Nguvu ya kifaa iko kwenye B2: ukibadilisha namba moja, namba arobaini zinabadilika papo hapo. Chaki haiwezi hilo hata siku moja.

Swali dadisi: kwa riba juu ya riba, fedha huchukua miaka mingapi kufika mara mbili?

Kila kikundi kijaribu asilimia 6, 8 na 12, na kiandike daftarini mwaka ambao safu ya C inafika 20,000 au inakaribia sana.

Watakayoyaona ni haya. Kwa asilimia 6, mwaka wa 12 zinafika 20,121.96. Kwa asilimia 8, mwaka wa 9 ni 19,990.05, pungufu ya shilingi kumi tu. Kwa asilimia 12, mwaka wa 6 ni 19,738.23 na wa 7 zimeshapita 22,000.

Waambie wazidishe kiwango kwa miaka: 6 mara 12, 8 mara 9, 12 mara 6. Zote ni 72. Kisha uliza swali gumu zaidi: je, ni sheria kamili au ni makadirio? Wajaribu asilimia 24, watarajie miaka 3, waone kwamba inafika 19,066.24, mbali kidogo na 20,000. Mtoto wa miaka 13 amegundua kanuni na kuipata mipaka yake ndani ya robo saa. Haya ndiyo mtaala unaita fikra ya kina, na yametokea bila wewe kuhubiri.

Ukibaki na dakika tano, badilisha neno "Mwaka" liwe "Mwezi", na B2 iwe 10%. Huo ndio mkopo ambao watu wengi mitaani huuchukua: asilimia kumi kwa mwezi, na usipolipa, riba inaingia kwenye deni. Baada ya miezi 12, deni la 10,000 ni 31,384.28. Usimtaje mkopeshaji yeyote na usiulize nani nyumbani kwao anadaiwa. Weka namba, nyamaza, waangalie. Ninalithamini zoezi hili kuliko mengine yote ninayoyafundisha, kwa sababu linamfuata mtoto hadi utu uzima.

Tahadhari: Kikundi kitakachomaliza mapema kitaanza kupaka rangi seli na kucheza na maumbo ya herufi. Kiandalie swali la ziada: ni kiwango gani cha riba ya kawaida kingetoa 46,609.57 baada ya miaka 20? Jibu liko karibu na asilimia 18.3, na wanaweza kulifikia kwa kujaribu na kurekebisha.

## Hatua ya 9: Zimeni vifaa, fungueni daftari

Dakika nane za mwisho. Skrini zifungwe kabisa. Kila mwanafunzi peke yake aandike:

1. Sentensi moja: kwa nini safu ya C inazidi kuiacha safu ya B kila mwaka?
2. Fomula ya C6 kwa maneno yake mwenyewe.
3. Kosa moja ambalo kikundi kilifanya na jinsi kilivyolitambua.

Bila hatua hii utabaki na faili nzuri nane na wanafunzi ambao hujui wanajua nini. Kikundi hakifanyi mtihani. Mtoto mmoja mmoja ndiye anayefanya.

## Hatua ya 10: Tathmini yote mawili

Tumia viwango vinne vya kawaida, lakini viandikwe kwa vitendo ulivyoviona:

| Kiwango | Hisabati | Kidijitali |
|---|---|---|
| Kuzidisha matarajio | Anaeleza tofauti na anatabiri kwa kiwango kipya | Anaunda fomula mwenyewe na kuwarekebishia wengine |
| Kufikia matarajio | Anaeleza tofauti inatoka wapi | Anaandika fomula sahihi na kutambua jibu lisilo la kweli |
| Kukaribia matarajio | Anahesabu sahihi lakini haelezi | Ananakili fomula ya ubaoni bila kuitambua ikikosea |
| Mbali na matarajio | Anachanganya aina mbili za riba | Anaandika namba badala ya fomula |

Utakutana na mwanafunzi aliye juu safu moja na chini safu nyingine. Usimpe wastani. Mtoto anayeielewa riba vizuri lakini ameshindwa na kifaa anahitaji dakika kumi za kukizoea. Yule anayebonyeza kwa kasi bila kuelewa anahitaji kurudi kwenye zile shilingi 64. Ni dawa mbili tofauti.

## Shule yako ina kipakatalishi kimoja, au haina stima

Kwa kipakatalishi kimoja, kiweke mbele na ufanye darasa zima kuwa msemaji. Mwanafunzi mmoja anabonyeza, wengine wanaamuru, na hakuna kinachoandikwa kabla darasa halijakubaliana. Badilisha mbonyezaji kila baada ya mistari mitatu. Badala ya kila kikundi kujaribu viwango vyote, darasa lichague kiwango, litabiri kwa kuinua mikono, kisha lione.

Bila stima kabisa, tumia vikokotoo. Kwa asilimia 8, andika 10000, zidisha kwa 1.08, bonyeza usawa. Zidisha tena jibu kwa 1.08, na kuendelea. Gawa viwango kwa vikundi: kundi hili asilimia 6, lile 8, lile 12, na kila kundi lihesabu hadi lifike 20,000 au likaribie sana. Matokeo yakusanywe ubaoni, na ile 72 itajitokeza vilevile. Kikokotoo nacho ni kifaa cha kidijitali. Andika hivyo kwenye andalio lako bila kuona haya.

## Ukitaka kuhamia jiometria

Hatua ni zilezile, programu ndiyo inayobadilika. Mada ya Pythagoras ya Gredi ya 7 inafaa sana kwa GeoGebra, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Wanafunzi wachore pembetatu yenye pembe mraba kwa mkono kwanza, wahesabu miraba, watabiri, ndipo waburute ncha ya pembetatu kwenye skrini na kuangalia maeneo ya miraba mitatu yakibadilika huku jumla ya miwili midogo ikibaki sawa na ule mkubwa.

Kuna jambo moja litakalokuchanganya usipojiandaa. GeoGebra kwa kawaida huonyesha sehemu mbili tu za desimali. Mwanafunzi atasoma mraba wa kwanza 5.36, wa pili 7.91, na mkubwa 13.28, wakati jumla ya miwili ya kwanza ni 13.27. Atainua mkono na kusema kanuni imevunjika. Ongeza desimali hadi nne au zaidi kwenye mipangilio, lakini baada ya yeye kuuliza. Kisha umwombe alieleze darasa kosa la 0.01 limetoka wapi.